Nafasi Hii Ina Mwenyewe

14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kidole ulichojikata na kioo kimepona. Huku sisi wazima. Baba yuko safarini na lori lake, mama amebaki mjini anasahihisha mitihani, na mimi nimeletwa kwa babu na bibi na sanduku langu, kama mzigo wa kuhifadhiwa mpaka shule zifunguliwe. Kiangazi kimeshika. Vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Bibi anakusalimu sana. Babu hakusema anakusalimu, ila aliponiona nimeshika kalamu aliuliza, "Unamwandikia yule fundi miwani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaendelea kuchokoa mawe kwenye kwato za farasi wake Tulia. Nadhani hiyo ilikuwa salamu.

Sasa nina jambo. Mwalimu wetu wa historia ametutaka tuandike habari za ukoo wetu, kwa lugha ya shule, kama tunamweleza mtu asiyetujua kabisa. Mimi nimechagua farasi. Kwa hiyo nivumilie nikikueleza mambo unayoyajua kuliko mimi, maana hapa najaribu kalamu.

Babu hawezi kumpiga brashi farasi bila kumtajia mama zake. Anaanza na aliye mbele yake, anarudi nyuma mama kwa mama, mpaka anafika kwa Bi Mkubwa, farasi wa kwanza. Kila mmoja ana maneno yake, na maneno hayo aliyatoa mtu wa nyumbani aliyelelewa naye, siku farasi huyo alipomtoa mtoto wake wa kwanza kwenda malishoni. Bi Mkubwa, maneno ya kabla babu hajazaliwa: aliyekuja na bibi harusi, wakatembea wote kwa miguu kwa sababu bibi harusi alimwonea huruma. Mchelewa, huyo maneno yake ni ya babu mwenyewe: aliyezaliwa tukiwa mazishini, tukarudi tukamkuta amesimama peke yake anakula pazia. Kishindo, hayo ni ya baba: aliyenitupa chini mbele ya wachumba wangu wawili, akabaki mmoja. Mama huwa anasema yeye hakubaki, alikuwa anacheka tu akashindwa kuondoka.

Nilipojaribu kuyaandika kwa lugha ya shule yalikufa mkononi. Kwa lugha hiyo shangazi, mama mdogo na mke wa mjomba wote ni neno moja. Nikisoma nilichoandika, sijui nani ni nani, na mimi ndiye niliyeandika.

Lakini si hilo ninalotaka kukuuliza. Shangazi, babu anaruka mmoja. Anasema, "Tulia wa Kishindo, Kishindo wa," halafu brashi inatoka begani inakwenda mpaka kiunoni bila neno, halafu anasema, "wa Mchelewa." Mimi najua Mchelewa hawezi kuwa mama yake Kishindo, miaka haikubali. Naogopa babu ameanza kusahau. Na sauti yake imekwaruza, anakohoa kila akifika kwa Bi Mkubwa. Bibi nilipomuuliza alisema sufuria inaungua, na jiko lilikuwa limezimwa.

Wewe uliishi humu. Ni nani anayerukwa?

Jingine, ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine. Tulia ana mimba, atazaa mwezi wa nane, na ni mtoto wake wa kwanza. Tulia alizaliwa nikiwa darasa la kwanza, kwa hiyo maneno yake ni yangu. Nitatakiwa kuyasema mbele ya watu. Unanijua. Kwenye mtihani wa kuzungumza nilisimama mbele ya darasa, lugha zote mbili zikanikimbia, moja ikatokea dirishani, nyingine mlangoni. Babu ananiita Kizibo, eti nikiingia chumbani mazungumzo yote yanabaki kwenye chupa.

Mwanao,
Kizibo


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kidole kimepona, ila sasa nimejikata cha upande wa pili, ili visioneane wivu. Mimi mzima. Karakana iko vilevile, dirisha linatazama ukuta, na ukuta hautazami kitu. Juzi alikuja mama mmoja kurudisha miwani tuliyomtengenezea, anadai ina kasoro. Nikamuuliza kasoro gani. Akasema tangu aivae, mumewe amezeeka. Tajiri wetu akaniachia mimi nimjibu. Nikamwambia alete na mume tumtengenezee ya kwake, watatoka sare. Amelipia na ya pili.

Kwa aibu yako usihangaike. Mtu mwenye maneno machache huyapima, na maneno ya farasi hayajawahi kuzidi pumzi moja. Usiyatafute kwa watu. Nenda ukakae kwa Tulia mwenyewe, utayaokota humo humo kwenye majani.

Kuhusu mengine uliyouliza, muulize mwenye brashi. Mimi mambo ya farasi niliyaacha zamani, nisije nikakudanganya.

Msalimie bibi. Mwambie kitambaa alichonitumia nimekifanya pazia la karakana, angalau sasa huo ukuta siuoni.

Shangazi yako

Niliyosahau: mzee akisoma gazeti, analishika mbali au karibu na uso? Na je, anakunja jicho moja? La kulia au la kushoto? Usimwambie nimeuliza.


28 Julai

Shangazi,

Shikamoo tena. Barua yako nilimsomea bibi, ile ya mume kuzeeka akaicheka mpaka akaacha kupepeta. Baba ameandika, atapita na lori mwezi wa tisa. Mama mzima. Gazeti babu analishika mbali, mkono wote umenyooka, na anakunja la kushoto. Sikumwambia.

Habari ya babu si nzuri sana. Tulimpeleka kwa daktari wa koo. Kuna kinyama kimeota mahali sauti inapotokea, atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Daktari anasema kisu hakina hatari, ila sauti inaweza kurudi yote, au nusu, au isirudi. Babu akamuuliza kama angeweza kuchagua nusu ipi. Tulipofika nyumbani alinipa brashi, akasema, "Anza wewe. Nikusikie ukikosea wakati bado naweza kukugombeza."

Basi kila siku asubuhi nimekuwa nasema mama zake Tulia, na babu amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwa babu, bibi na Tulia ninaweza. Nikiwa nasikia hatua za mtu mwingine uani, sauti inarudi tumboni.

Shangazi, nimefanya kosa. Nilikuwa naogopa lile pengo. Niliona babu atapoteza sauti akiwa ameshasahau, mimi nitabaki na shimo katikati ya ukoo, na nitamfundisha nani shimo? Nikatunga. Nilidhani namsaidia, kama unavyomshika mzee mkono kwenye ngazi bila kumwambia kwamba unamshika. Juzi nilipofika pale nikasema, "Kishindo wa Maua, aliyezaliwa mwaka wa mvua njema."

Babu akauliza, "Maua ni nani?"

Nikasema simjui, nimejaza tu.

Aliinuka, akanipokonya brashi polepole, akaitundika kwenye msumari wake. Hakukasirika kwa sauti. Alisema, "Mimi sijasahau, Kizibo. Nafasi hii ina mwenyewe. Mwenyewe yuko hai. Nani amsemee?" Akaenda kujaza maji ambayo yalikuwa yamejaa.

Nililia nyuma ya marobota ya nyasi. Bibi akaja akakaa, akanipa kona ya kanga yake nijifute. Akasema, "Nyumba hii ina watu wawili wenye shingo moja. Mmoja anangoja kuulizwa, mwingine anangoja kuambiwa. Mimi katikati nimezeeka." Nikamwomba anitajie huyo wa pili. Akasema yeye kaolewa tu humu, hana farasi.

Mimi mnyamavu, shangazi, lakini si mjinga. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, na kila mtoto wa nyumba hii ana maneno yake. Ya baba nayajua. Ya kwako sijawahi kuyasikia.

Sikulazimishi. Nataka tu ujue kwamba babu hamruki mtu. Nilikosea kukuandikia vile. Nimemwangalia vizuri sasa. Akifika pale anapunguza mkono, brashi inakwenda taratibu kuliko sehemu nyingine zote, kama anasubiri mtu apite mlangoni kwanza.

Mwanao


19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Huenda barua yangu imepotea, au ya kwako imekwama. Au nilisema nisiyopaswa kusema. Kama ni hilo, nisamehe, na uniandikie hata habari za wateja tu.

Huku salama kwa kiasi. Upasuaji umepita. Babu amerudi na bandeji shingoni, amekatazwa kutoa sauti yoyote, hata ya kunong'ona. Tumemnunulia ubao mdogo na chaki. Bibi anasema tangu waoane hajawahi kuwa na raha kama hii, halafu anakwenda kila saa kumwangalia kama analala vizuri. Jana babu aliandika "chumvi," bibi akamwambia asipige kelele mezani.

Bahasha yenye miwani uliyomtengenezea babu imefika, bila barua kama kawaida. Babu ameivaa na kushika gazeti karibu, akakaa nalo muda mrefu kurasa zote, mpaka na matangazo.

Na Tulia amezaa. Alfajiri, bila kumsumbua mtu. Ni jike. Ni mweusi wa kahawa, ana masikio yasiyolingana na mwili, na mguu mmoja mweupe, wa nyuma kushoto. Bibi alipouona akasema, "Huyu naye amekanyaga maziwa." Mimi nilicheka. Babu hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye majani, na suruali yake safi ya hospitali, akaushika ule mguu kwa mikono miwili mpaka mtoto akachoka akauvuta. Nikauliza kuna nini. Bibi akasema hakuna kitu, nenda kalete maji ya vuguvugu. Sasa "huyu naye" ni huyu na nani, shangazi?

Kinachonisumbua ni hiki. Mtoto anatakiwa kutolewa kwenda malishoni na kutajiwa mama zake. Ameshapata nguvu, anazunguka kwenye ua mdogo wa nyuma ya banda na kugonga geti kwa kifua. Tulia naye anapiga teke mbao, anataka majani. Kila asubuhi namuuliza babu kama ni leo, na kila asubuhi anaandika "Bado." Bibi anamwambia mtoto wa farasi si mtungi wa kuwekwa ndani. Anafuta, anaandika tena "Bado."

Nadhani anangoja tarishi. Akisikia baiskeli yake anainuka kabla ya mbwa.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba za wiki zote nilizonyamaza. Barua yako haikupotea. Zote mbili ziko hapa kwenye meza ya karakana, chini ya jiwe la kunolea lenzi, na kila nikivuta jiwe naziona. Sina habari za wateja, isipokuwa mmoja ambaye miwani yake itachelewa. Nilikuwa nasoma barua yako huku nanoa. Nilipofika kwenye mguu wa nyuma kushoto, lenzi ikaniponyoka.

Bibi yako maneno ya kukanyaga maziwa aliyasema mara ya kwanza mimi nikiwa mdogo kuliko wewe. Farasi wangu aliitwa Pambazuko. Mweusi wa kahawa, mguu wa nyuma kushoto mweupe. Nilimlea tangu hajui kusimama. Alipomzaa Kishindo mimi nilikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mtoto alitolewa kwenda malishoni mimi sipo, na maneno yangu yalisubiri likizo. Niliyatunga kutwa, nikayakariri kitandani kama sala.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Nilishuka kwenye gari na sanduku, nikaenda bandani kabla ya kuingia ndani, nikakuta nafasi yake imefagiliwa. Kishindo mdogo alikuwa anazunguka anamlilia mama yake. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Nyasi zimekwisha." Basi. Mimi nikasema, "Sawa." Gari lililonileta lilikuwa bado linageuza, nikalirudia.

Baadaye bibi yako aliniandikia kwamba mnunuzi alikuwa na malisho ya mtoni, na kwamba katika wote, mzee alimtoa yule kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na nguvu ya kufika huko. Niliisoma, nikaikunja. Kwa umri ule niliona ni maneno ya kumtetea mume. Likizo iliyofuata nikaenda kwa rafiki, iliyofuata nikapata kazi, na mwanangu, mtu anaweza kuishi maisha yake yote kwenye likizo iliyofuata.

Nilidhani nimefutwa. Farasi wangu ameuzwa, maneno sikuyasema, nikajua brashi imeshapita juu yangu, Kishindo amefungwa kwa Mchelewa na mimi sipo. Sikuuliza, kwa sababu ukiuliza utajibiwa. Halafu unaniandikia wewe, unayejiita mnyamavu, kwamba brashi inapunguza mwendo.

Sasa nisikilize. Maneno yale ya bweni siyataki tena, yalikuwa ya mtoto. Haya ndiyo yangu:

Pambazuko, aliyekanyaga maziwa kwa mguu mmoja, akauzwa nyasi zilipokwisha. Na msichana wake akaondoka kwa hasira, na mpaka leo hageuzi shingo ila kwa farasi.

Nilitaka kuja kuyasema mwenyewe. Nilifika hadi kituo cha basi na begi, nikakaa, mabasi yakaondoka, nikarudi. Hilo usimwambie mtu. Kwa hiyo nakupa wewe. Kama mzee ataona si halali kusemewa, mwambie fundi miwani amesema: kioo kizuri kinapitisha, hakiongezi cha kwake. Wewe kuwa kioo siku hiyo. Aibu yako itafaa, kwa kuwa mwenye aibu haongezi.

Mtoeni huyo mtoto nje, mwanangu. Asizuiliwe ndani kwa ajili yangu.

Shangazi yako


11 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, amekumbushia kwamba barua ya malisho ya mtoni aliiandika kwa mkono wake na wewe ulimjibu kwa kadi ya sikukuu. Baba amefika na lori, mama amekuja naye, kwa hiyo nyumba imejaa na nguo zangu zote zimerudi kwenye sanduku. Shule zinafunguliwa wiki ijayo.

Barua yako iliingia mchana. Babu aliona mwandiko kwenye bahasha, akaninyooshea mkono wa kunisimamisha, kwamba nisifungue mbele yake. Nikaenda kuisomea nyuma ya marobota. Niliporudi alinitazama usoni kupitia miwani yako, kisha akachukua ubao, akafuta "Bado," akauacha mtupu.

Kesho yake asubuhi tukamtoa mtoto. Walikuwepo baba, mama, bibi, na fundi kwato aliyekuja kwa shughuli zake akakataa kuondoka. Huyo wa mwisho ndiye niliyemwogopa. Nilimshika Tulia, nikaweka brashi begani, na kwa muda mrefu hakuna kilichotoka. Baba akaanza kukohoa kwa kunionea huruma, bibi akamkanyaga. Ndipo mtoto akaja nyuma yangu, akakamata mkono wa shati langu kwa meno, akavuta. Nikasema, "Niache," kwa sauti, na kumbe sauti ilikuwepo.

Nilianza na ya kwangu. Tulia, aliyenisikiliza tangu darasa la kwanza, wala hakunihimiza nimalize. Kisha Kishindo, na fundi kwato akawacheka wachumba. Nilipofika pale, babu alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake pajani ulikuwa umeshaanza kwenda peke yake, taratibu, mwendo wa brashi, ule wa kusubiri. Nikayasema maneno yako. Sikuongeza hata moja.

Mkono ulisimama. Baba aligeuka akatazama geti kana kwamba kuna mtu. Babu alivua miwani, akampa bibi aishike. Niliendelea, Mchelewa wa Vumbi, Vumbi wa Bi Mkubwa, nikamaliza. Nilidhani ataandika kitu. Alinyoosha kidole tu, akakizungusha: tena. Nikasema tena kuanzia mwanzo. Mara ya pili sikuona haya. Nadhani aibu nayo ilikuwa imechoka kusimama.

Nilimweleza habari ya kioo kinachopitisha. Aliitikia kwa kichwa. La kituo cha basi sijamwambia, wala sitamwambia.

Insha ya shule nimeiandika upya. Nimeweka maneno ya farasi kwa lugha yetu, kama yalivyo, na maelezo tu kwa lugha ya shule. Na mahali pa "shangazi" nimeandika "shangazi." Mwalimu akitaka kujua maana, na ajifunze.

Mtoto bado hana jina. Kila mtu ana lake. Mama anataka Kahawa, fundi kwato anataka Maziwa, wamegombana. Babu akachukua chaki, akaandika, akautundika ubao kwenye geti la ua wa nyuma: NAFASI HII INA MWENYEWE.

Nilitaka kumalizia hapo lakini babu amesimama nyuma yangu na ananigonga begani anataka kalamu. Sijawahi kumwona akiandika barua. Nampa.

Mwanao,
Kizibo

Binti yangu,

Miwani inafaa. Naona hata mwandiko wangu, pole wewe utakayeusoma. Mtoto anang'ata mikono ya mashati, kama yule wako. Kizibo kimetoka kwenye chupa, sasa anazungumza mpaka wakati wa kula. Mimi daktari amenifunga mdomo mpaka mwezi ujao, kwa hiyo ukija sasa utasema wewe tu, na nitasikiliza mpaka mwisho.

Siku ile nilipaswa kusema zaidi. Nilikuwa na neno moja tu, nikadhani linatosha.

Mwaka huu nyasi zipo.

Baba yako